Kiharusi: saa zinazopotelea nyumbani

Kuna ujumbe umekuwa ukizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kwa miaka sasa. Unasema mtu akipatwa na kiharusi asisogezwe hata hatua moja. Chukua sindano ya kushonea, ipitishe kwenye moto, mtoboe vidole vyote kumi mpaka kila kimoja kitoe tone la damu, na kama mdomo umekwenda upande, mvute masikio hadi yawe mekundu kisha mtoboe ndewe. Baada ya dakika chache, ujumbe unaahidi, mgonjwa atarudi katika hali yake. Mwishoni unaombwa uwatumie wote unaowapenda.

Wanaousambaza ni watu wema: shangazi, mwalimu mstaafu, jirani wa kwenye kikoba. Na sindano yenyewe haimdhuru sana mgonjwa, inamuuma tu. Kinachomdhuru ni ile sentensi ya kwanza, asisogezwe. Kiharusi ni ugonjwa ambao matibabu yake yote ya maana yako hospitalini, na baadhi yake yana muda maalumu. Ukipita, daktari hawezi kuyatoa hata kama dawa iko kabatini.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kwanza tuingie kichwani.

Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Na hauna akiba. Damu ikikatika, sehemu iliyokosa damu huacha kazi ndani ya sekunde chache na huanza kufa ndani ya dakika chache. Mwaka 2006 daktari mmoja wa Marekani, Jeffrey Saver, alipiga hesabu ambayo madaktari bado wanaitaja: mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba na mgonjwa asitibiwe, seli za neva zipatazo milioni 1.9 hupotea kila dakika. Robo saa ya kumtafuta kaka mkubwa kwenye simu ili aidhinishe safari ni seli zaidi ya milioni 28.

Nusu ya kushoto ya ubongo ndiyo inayoendesha mkono na mguu wa kulia, na ya kulia inaendesha vya kushoto. Kwa watu walio wengi lugha nayo iko kushoto, ndiyo maana anayepooza upande wa kulia mara nyingi hupoteza na maneno. Mkono wenyewe hauna ugonjwa wowote. Kuuchua kwa mafuta ya nyonyo siku ile ya kwanza ni kupangusa balbu wakati waya umekatika kwenye nguzo. Mazoezi ya viungo yanayokuja baadaye, chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, ni jambo jingine kabisa na yana faida kubwa. Nazungumzia saa zile za mwanzo.

Ndani ya kichwa kinaweza kutokea kimoja kati ya vitu viwili. Ama mshipa umeziba kwa donge la damu, ama umepasuka na damu inavuja. Duniani kuziba ndiko kwingi zaidi. Lakini utafiti mkubwa wa kimataifa uitwao INTERSTROKE, ambao matokeo yake ya kwanza yalitoka 2010, ulikuta kwamba kwa wagonjwa wa Afrika kiasi cha theluthi moja walikuwa wanavuja damu, wakati katika nchi tajiri walikuwa karibu mmoja kwa kumi. Sababu kubwa ni presha isiyotibiwa.

Ukimtazama mgonjwa, huwezi kujua ni ipi kati ya hizo mbili. Mdomo umepinda vilevile, mkono umelegea vilevile. Kutapika, kuumwa kichwa sana na kupoteza fahamu huelekea zaidi upande wa kuvuja, lakini hata daktari bingwa hawezi kuapa mpaka aione picha ya CT-Scan, mashine inayopiga picha za ndani ya kichwa. Shika jambo hilo, maana karibu makatazo yote yatakayofuata yanatokana nalo.

Uso, mkono, maneno

Waingereza walitengeneza kipimo chao cha dalili tatu mwishoni mwa miaka ya 1990, na kuanzia 2009 wakakitangaza kwenye televisheni mpaka watoto wa shule wakakijua. Kwetu tunaweza kusema tu: uso, mkono, maneno. Hakihitaji kifaa.

Mtoto anayemwona mama yake amebadilika ghafla aseme, "Mama, hebu tabasamu kidogo." Atazame kama pembe zote mbili za mdomo zinapanda, au moja imebaki chini na mate yanatoka. Kisha amwombe anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja juu, afumbe macho, huku akihesabu polepole hadi kumi. Mkono mmoja ukianza kushuka wenyewe au ukashindwa kabisa kupanda, hapo pana neno. Halafu amwombe arudie sentensi fupi anayoifahamu tangu utotoni, kama "haba na haba hujaza kibaba". Usimpe "wale wa Liwale", hata wazima huteleza hapo. Unachosikiliza ni kama ulimi ni mzito, maneno yamechanganyikana, au anakutazama tu kama mtu asiyeelewa lugha unayozungumza.

Dalili moja kati ya tatu inatosha. Usisubiri zitimie.

Madaktari wameongeza nyingine mbili, kwa kuwa kipimo cha dalili tatu kinakosa viharusi vya sehemu ya nyuma ya ubongo: macho na mizani. Jicho moja kuingia giza ghafla, kuona vitu viwiliviwili, au kizunguzungu cha ghafla ambacho mtu hawezi hata kusimama bila kushikwa. Na kuna kichwa kinachopasuka kwa maumivu ambayo mtu hajawahi kuyapata maishani, yakafika kileleni ndani ya dakika moja au mbili. Hayo mara nyingine ni mshipa uliopasuka juu ya uso wa ubongo.

Neno lenye uzito kuliko yote hapo ni *ghafla*. Mguu uliokuwa ukifa ganzi kidogokidogo kwa miezi sita unahitaji daktari, lakini hauhitaji kumwamsha jirani mwenye gari saa nane usiku. Mkono ulioangusha kikombe sasa hivi unahitaji.

Kwa nini watu husubiri

Kiharusi kwa kawaida hakiumi. Nadhani hapo ndipo penye mzizi wa mambo mengi. Sisi tumezoea kupelekwa hospitali na maumivu: tumbo likikata, jino likivuta, mfupa ukivunjika. Mtu ambaye mkono umelegea bila kuuma huambiwa ameulalia vibaya, apumzike, asubuhi utakuwa umeamka. Asubuhi ndiyo hiyo ambayo hakuna anayeweza tena kumyeyushia donge.

Kuna na jambo la ajabu zaidi. Kiharusi kikipiga nusu ya kulia ya ubongo, baadhi ya wagonjwa hupoteza ule uwezo wa kujua kwamba wanaumwa. Mzee mkono wake wa kushoto unaning'inia, wewe unauona, yeye anakwambia kwa sauti ya mamlaka, "Mimi mzima, niacheni." Siyo ubishi wala woga. Sehemu ya ubongo iliyokuwa ikimpa habari za upande ule ndiyo iliyozimika. Na kwa kuwa kwetu neno la mzee halirukwi kirahisi, familia inatii, inakaa, inamtazama. Katika hali hii utii ni wa kuweka kando. Mpe shikamoo yake, mwombe radhi, mpandishe garini.

Mwanaume anayepatwa akiwa barabarani ana balaa jingine. Akianguka stendi, anaongea kwa ulimi mzito, anapepesuka, suruali imelowa, wapita njia wanajua jibu: kalewa. Anasogezwa kivulini "apunguze". Wapo waliokwisha kunywa kweli na kiharusi kikawapata hapohapo, kwa hiyo harufu ya pombe haimalizi mjadala. Mwambie atabasamu. Mlevi anatabasamu pande zote mbili.

Na kuna imani. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walifuatilia wagonjwa wapya wa kiharusi wilayani Hai, Kilimanjaro, na katika eneo moja la Dar es Salaam. Matokeo yaliyotoka 2010, baada ya kusawazisha umri, yalionyesha wagonjwa wapya kama 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000 huko Hai, na kama 316 Dar es Salaam. Kiharusi kilikuwa kingi zaidi mjini, ambako hospitali ziko karibu. Lakini Gerry Mshana na wenzake walipochunguza watu wa Hai na wa Dar es Salaam wanakielewaje, katika utafiti uliochapishwa 2008, walikuta Hai wengi wanakihusisha na presha, vyakula vya mafuta na mawazo, na kimbilio lao la kwanza ni hospitali. Dar es Salaam wengi walikihusisha na majini na uchawi, na kimbilio la kwanza likawa mganga. Umbali wa hospitali, kumbe, hauhesabiwi kwa kilometa peke yake.

Sioni faida ya kubishana na mtu kuhusu majini huku mama yake amelala sakafuni. Kinachofanya kazi ni kubadilisha utaratibu wa safari. Shehe anaweza kusoma dua akiwa kiti cha nyuma cha gari, mchungaji anaweza kuombea kwenye simu ya spika, na mganga, kama familia inamhitaji, hatahama kesho wala keshokutwa. Yule wa CT-Scan ndiye mwenye saa.

Kile kinachopita chenyewe

Sindano ile ya vidoleni inapata sifa zake kutokana na aina moja ya kiharusi: donge linaziba mshipa, linakaa dakika kumi au nusu saa, kisha linayeyuka lenyewe au linasogea. Mdomo unarudi, mkono unanyanyuka, maneno yanakuja. Kama katika dakika hizo kuna mtu alikuwa akitoboa vidole, sindano imeponya. Kama kuna aliyekuwa akichua, mafuta yameponya. Aliyekuwa akisoma dua naye amepata ushuhuda wa kutoa.

Hiki ndicho kiharusi cha mpito, na kwa maoni yangu ndiyo nafasi tunayoipoteza kuliko zote. Mtu amepona kabisa, anacheka, anaomba chai. Nani atampeleka hospitali mtu anayekunywa chai? Lakini uwezekano wa kiharusi kikubwa kufuata uko juu kupita wakati wowote katika siku mbili za kwanza baada ya hapo. Huko Oxford, Uingereza, watafiti walilinganisha wagonjwa wa kiharusi cha mpito na kile kidogo waliotibiwa kwa utaratibu wa zamani wa kupangiwa miadi na wale waliotibiwa siku ileile. Matokeo yao ya 2007: waliopata kiharusi tena ndani ya siku 90 walishuka kutoka asilimia 10.3 hadi 2.1. Dawa zilikuwa zilezile za kawaida, za presha, za mafuta kwenye damu na za kuzuia damu kuganda. Kilichobadilika ni siku ya kuzianza.

Kwa hiyo dalili zikipita, safari haifutwi.

Saa ya kuandika

Kitu cha kwanza utakachoulizwa mapokezi ni muda. Na swali lenyewe si "mmemkuta saa ngapi" bali "mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi". Baba aliyeaga saa nne usiku akiwa salama, akakutwa saa kumi na mbili asubuhi hawezi kuongea, saa yake kwa daktari inaanza saa nne usiku, kwa sababu hakuna anayejua ilikuwa muda gani katikati. Kama aliamka saa kumi kwenda msalani na mkewe akamwona anatembea vizuri, tayari amerudishiwa saa sita nzima. Ndiyo maana mke huyo awepo kwenye gari, au namba yake ya simu iwe mkononi mwa anayekwenda.

Andika muda huo kwenye karatasi au hata kwenye mkono wako. Na uuandike kikamilifu, "saa nne usiku". Fomu za hospitali hutumia mtindo wa 22:00, na katika kukimbizana "saa nne" tupu inaweza kuingia kama saa nne asubuhi, au mtu akaisoma kama 04:00. Kosa la aina hiyo linaweza kumnyima mgonjwa dawa, au likampa dawa ambayo sasa ni hatari kwake.

Dawa yenyewe ni ya kuyeyusha donge. Ile ya kwanza, alteplase, ilithibitishwa na utafiti wa Marekani wa 1995 kwa waliotibiwa ndani ya saa 3. Utafiti wa Ulaya wa 2008 ukasogeza mlango hadi saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Katika ule utafiti wa Marekani, waliopewa walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa angalau asilimia 30, ya kumaliza miezi mitatu bila ulemavu au wakiwa na ulemavu kidogo sana. Ila wagonjwa kama 6 kwa 100 walivuja damu ubongoni, dhidi ya chini ya mmoja kwa wasiopewa. Kadiri muda unavyopita, faida inashuka na hatari inabaki. Daktari anayekataa kuitoa kwa sababu mmechelewa hajakufanyia roho mbaya.

Tangu 2015, baada ya utafiti wa Uholanzi na mingine iliyofuata mwaka huohuo, kuna pia njia ya kuingiza waya mwembamba kupitia mshipa wa paja mpaka kichwani na kulivuta donge lenyewe. Kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa picha, hilo linaweza kufanyika hata ndani ya saa 24. Ukanda wetu una vituo vichache mno vyenye uwezo huo, na hata alteplase iko katika hospitali chache na bei yake si ya mchezo. Nitarudi hapo, kwa sababu watu wengi wakisikia hivyo husema basi, hakuna haja ya kukimbia.

Usimpe, usimpe, usimpe

Aspirini kwanza. Ushauri wa kutafuna aspirini kifua kinapobana ghafla ni sahihi kwa shambulio la moyo, na watu wameuhamishia kwenye kiharusi. Kwa mshipa uliopasuka, aspirini inazuia damu kuganda mahali ambapo tunaomba igande. Hospitalini itatolewa, ndani ya siku mbili, baada ya picha kuonyesha kwamba hakuna damu inayovuja.

Pili, dawa ya presha, na hapa hata wahudumu wa afya hukosea. Mama ameletwa zahanati, mashine imesoma 210 kwa 115, na kila aliyemo chumbani sasa anatazama ile namba badala ya kumtazama mgonjwa. Kidonge cha nifedipine, dawa ya kushusha presha, kinatobolewa, matone yanawekwa chini ya ulimi, presha inaporomoka, ndugu wanashusha pumzi. Lakini mara nyingi presha hiyo imepanda kwa sababu ya kiharusi chenyewe. Kando ya sehemu iliyokufa kuna sehemu ya ubongo iliyozimia tu, inayopata damu kidogo kupitia vijishipa vya pembeni, na presha ya juu ndiyo inayoisukuma ifike. Ukiishusha ghafla, unaiua sehemu ambayo ingeweza kurudi. Ndiyo maana kwa kiharusi cha kuziba miongozo ya madaktari huiacha presha hadi 220 kwa 120 kama mgonjwa hapewi dawa ya kuyeyusha. Akipewa, lazima iwe chini ya 185 kwa 110. Kwa kiharusi cha kuvuja hesabu inageuka: namba ya juu inashushwa kuelekea 140, mapema, kwa dawa ya mshipani na mtu amesimama pembeni akipima. Ugonjwa ni mmoja kwa macho, tiba zinapingana. Nyumbani huwezi kujua uko upande gani.

Tatu, chochote cha mdomoni: maji, uji, chai ya sukari, dawa za kuchemsha, hata maji ya Zamzam. Koo nalo linaweza kuwa limepooza bila kuonekana kwa nje. Kinywaji kinapita njia ya hewa kimyakimya, bila hata kukohoa, na siku ya tatu mgonjwa ana nimonia.

Kutoboa kidole kwenye maana ni kumoja tu, nako kunafanywa kwa mashine ya kupima sukari. Sukari ikishuka sana mtu anaweza kupooza upande mmoja na kuchanganya maneno sawasawa na kiharusi, hasa mwenye kisukari aliyechoma insulini akakosa kula, na anarudi akiwekewa glukosi. Zahanati ikiwa njiani kipimo hicho ni cha dakika moja. Kingine kinachofanana na kiharusi ni ugonjwa wa uso peke yake kupinda, ambapo jicho halifumbi na paji la uso nalo halikunji; kiharusi kwa kawaida kinaliacha paji la uso. Ila hiyo ni kazi ya daktari kuamua. Wewe ukiona uso umekwenda upande, nenda.

Barabarani

Akiwa hana fahamu au anatapika, mlaze ubavu ili matapishi yasirudi kooni. Legeza kola na mkanda, toa meno ya bandia. Mkono uliopooza usiuvute na usimnyanyue kwa kumshika makwapani: misuli inayoshikilia bega imelegea, na bega linaweza kuteguka mgonjwa akabaki na maumivu ya miezi. Mshikeni kiunoni na mapajani, au mbebeni kwenye shuka imara au godoro jembamba.

Bodaboda ni usafiri wa kwanza kupatikana, najua, lakini mtu asiyeweza kujishika akipakiwa mshikaki katikati ya wawili kichwa kinaning'inia na njia ya hewa inaziba. Bajaji ni afadhali, gari ni bora. Gari la wagonjwa likipatikana haraka, vizuri. Tanzania namba 115 imezoeleka zaidi kwa wajawazito na watoto wachanga kupitia mpango wa m-mama, na katika mitaa mingi jirani mwenye gari ndiye anayefika mapema. Beba dawa zake zote kwenye mfuko, hata zile asizozinywa, hasa kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda.

Mnakwenda wapi? Ngazi zetu za rufaa, kutoka zahanati hadi kituo cha afya, wilaya, mkoa na kanda, zimepangwa kwa nia njema, lakini kwa kiharusi kila ngazi ina foleni yake na barua yake. Dharura haihitaji barua ya rufaa. Nenda moja kwa moja hospitali ya karibu yenye CT-Scan inayofanya kazi, na nyingi za rufaa za mikoa zimewekewa mashine hizo katika miaka ya karibuni. Swali la kuuliza kabla hata hujapata mgonjwa ni kama mashine hiyo inawashwa usiku na Jumapili, na kama kuna wa kuisoma picha. Mwenye mzee wa presha nyumbani, au mtoto wa seli mundu, ajue jibu hilo. Nimetaja seli mundu kwa makusudi: bila uchunguzi wa mapema, kiasi cha mtoto mmoja kati ya kila tisa wenye ugonjwa huo hupata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20, na wazazi wengi hawajaambiwa. Mtoto anayeanza kuchechemea ghafla au kuangusha kijiko hajifanyi.

Kama dawa ya kuyeyusha haipo

Hili ndilo swali la kweli kwa walio wengi wetu. Australia walijaribu jambo dogo katika wodi 19 za kiharusi za New South Wales, wakachapisha matokeo 2011. Manesi wa baadhi ya wodi walifundishwa kufuata utaratibu mkali wa mambo matatu kwa siku tatu za kwanza: homa ishushwe mara inapopanda, sukari ipimwe na kurekebishwa, na mgonjwa asipewe kitu mdomoni mpaka apimwe kumeza. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 42, dhidi ya 58 kwenye wodi nyingine. Paracetamol, glukometa na kikombe cha maji. Mwaka 2023 utafiti mwingine uliohusisha hospitali 144 za nchi kumi, karibu zote za kipato cha chini na cha kati, ulionyesha kwamba kwa wanaovuja damu kushusha presha mapema, pamoja na kudhibiti sukari, homa na athari za dawa za kuzuia damu kuganda, kunapunguza vifo na ulemavu.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji mtambo wa mabilioni, ila vyote vinahitaji mgonjwa awe kitandani hospitalini siku ya kwanza. Na kimoja kinawahusu ndugu moja kwa moja. Saa ya kuona wagonjwa ikifika, hotpoti la uji likifunguliwa, mwulizeni nesi kabla ya kijiko cha kwanza: ameshapimwa kumeza? Akisema bado, fungeni hotpoti, na mwombeni apimwe mkiwa hapohapo.